Mifuko Mitatu ya Mchunga

Majani ya mchunga yakikauka kivulini hutoa harufu ya chai na udongo uliolowa, na nyuma yake kuna uchungu ambao huusikii puani bali kooni. Ndiyo harufu iliyonipokea kila nilipotoka shule, mwaka ule nilioishi kwa Mama Mkubwa katika kijiji kimoja cha bondeni, si mbali na Tosamaganga. Kwetu ni Mbalizi. Mama yangu alikuwa amejifungua mapacha, nyumba ikakosa nafasi ya mtoto wa miaka kumi asiyechoka kuuliza maswali, nikapakiwa kwenye basi la Iringa na masweta mawili na onyo la kutodeka. Nililia mpaka Makambako. Baada ya hapo nililala, na nilipoamka dada yake mama alikuwa ameshanishika mkono stendi, akisema nimekonda na kwamba Mbeya hawajui kulisha watoto.

Mama Mkubwa alikuwa mjane mwenye mashamba mawili na mdomo usio na breki. Mchunga, ambao wenzake waliung'oa katikati ya mahindi na kuutupa kama gugu, yeye aliuchuma, akauchemsha, akamwaga maji ya kwanza na kuupika kwa karanga. Mimi niliumeza kwa machozi. Aliamini kwamba mboga chungu huukinga mwili, na kweli kikohozi cha kipupwe kilipita nyumba nyingi bila kupiga hodi kwake. Majirani walimletea watoto wao awalishe. Lakini ole wako umwite mganga. "Mimi ni mkulima na Mkatoliki," alikuwa akisema, "na hii ni mboga. Ukiumwa, hospitali ipo, panda mlima uende." Nilimwogopa kwa wiki mbili hivi, kisha nikampenda, na mpaka leo sijui ni siku gani hofu iligeuka kuwa upendo.

Mvua za masika zilikuwa zinaishia alipokuja Dada Neema. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, anasomea mimea, na kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa kuchunguza mboga za asili. Alisimama uani na viatu vilivyojaa tope, akapiga goti kidogo na kusalimu kwa Kihehe, "Kamwene", kwa sauti ya mtu aliyefundishwa neno hilo asubuhi ileile. Mama Mkubwa akampenda papo hapo. Dada Neema alikata parachichi, nusu moja akaipaka ndimu, nyingine akaiacha. Tulipomaliza kunywa chai, ile isiyopakwa ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Alitueleza kwamba miili yetu nayo huchakaa ndani kwa namna yake, na kwamba mimea hujitengenezea vitu vidogo visivyoonekana ili kujikinga na jua na wadudu. Wasomi wanataka kujua kama vitu hivyo vinatukinga na sisi tunaoila. Kisha akatoa mifuko mitatu ya kitambaa cheupe. Tuijaze mchunga, akasema, mchunga mtupu, uliokauka kivulini. Angeichukua baada ya wiki tatu. Mama Mkubwa akanikabidhi mimi kazi ya kuanika na kugeuza, nami nikatembea siku nzima kama niliyepewa cheo.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo nitaonekana mtoto mhalifu, na sikuwa. Kwa Mama Mkubwa chombo cha mtu hakikurudi kitupu. Jirani akikuletea njegere kwa bakuli, bakuli lirudi na kitu. Na kurudisha chombo kilichojaa nusu kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu kulionyesha kwamba ulikuwa nacho ukajipimia. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimefinywa sikio kwa kumrudishia jirani bakuli lenye maharage yaliyofunika kitako tu. Somo lilikuwa limeingia barabara.

Mchunga ukikauka hunywea. Tulichuma vikapu na vikapu, lakini siku moja kabla ya Dada Neema kurudi, mifuko ilikuwa haijafika hata nusu, na Mama Mkubwa alikuwa ameenda mjini. Niliitazama nikaona aibu ya nyumba nzima. Darini kulikuwa na mchicha pori uliokaushwa, wa akiba ya kiangazi, na majani makavu yakishapondeka hayana sura. Niliongeza mchicha mpaka mifuko ikatuna, nikaifunga vizuri kwa kamba. Haba na haba hujaza kibaba, si ndivyo tulivyofundishwa shuleni? Mama Mkubwa aliporudi akaikuta imejaa, na kesho yake mgeni alipokuja kuichukua, alinisifu mbele yake. Nililala na furaha ambayo nikiikumbuka leo natamani kujificha chini ya meza.

Dada Neema alirudi tena mwezi wa nane, katika upepo ule wa Iringa unaokausha midomo. Alikuwa amepungua. Majibu ya vipimo vyake yalikuwa yamevurugika, alisema. Majani ya juu ya mfuko yalitoa jibu hili, ya chini yakatoa jibu lile, na mwalimu wake amempa muda hadi mwisho wa mwezi. Asipopata majani ya kuaminika, kazi yote ya mwaka inafutwa, na hana anayeweza kumsomesha mwaka mwingine. Akauliza, macho yakiwa chini, "Mama, una hakika ulikuwa mchunga peke yake?"

"Mchunga naujua toka sijaolewa," Mama Mkubwa alijibu. "Unataka kusema nimekudanganya?"

Dada Neema hakusema hivyo, lakini hakukataa haraka vya kutosha. Mama Mkubwa akainuka, akaingia jikoni. Alikuwa hana mali ya kujivunia, alikuwa na neno lake tu, na mimi ndiye niliyelivunja. Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameinamia moto usiohitaji kuchochewa. Mficha uchi hazai, lakini nawaambia, kuuonyesha kuna kazi. Nilimwambia yote kwa mfululizo mmoja: mifuko, mchicha, bakuli la jirani, sikio langu.

Nilingoja kipigo. Aliketi kwenye kigoda, akanitazama mpaka nikaanza kulia. "Kumbe ni mimi niliyekufundisha," alisema taratibu. Akanifuta kamasi kwa ncha ya kitenge chake, bila upole mwingi, akaniambia nitoke nikamwambie mgeni mwenyewe kwa mdomo wangu. Nikaenda. Dada Neema alifunika uso kwa viganja, na nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Kiangazi mchunga wa mashambani huwa umekufa. Tuliteremka sote watatu mpaka vinyunguni, zile bustani za kando ya kijito ambako udongo haukauki mwaka mzima, tukachuma mchunga jani kwa jani kwenye matuta ya watu, Mama Mkubwa akiomba ruhusa kila tuta. Wenye bustani walitushangaa tunavyopigania magugu. Tuliuanika siku nne, safari hii akiugeuza yeye. Siku ya kuondoka Dada Neema, mfuko mmoja tu ndio uliokuwa na kitu, nacho hakikufika robo. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa robo je? Niliona jinsi Mama Mkubwa alivyosita mlangoni, mwanamke ambaye hajawahi kumtoa mgeni hivyo maishani mwake. Kisha akapiga magoti, akautoa mfuko kwa mikono miwili. "Ni kidogo, mwanangu," alisema. "Lakini ni chenyewe."

Dada Neema alimaliza masomo. Mimi leo nafanya kazi katika maabara Mbeya: nakausha, nasaga, napima, naandika. Siku hizi unga wa majani unauzwa katika makopo yenye picha nzuri, na wale mapacha, ambao sasa wana ndevu, hunitumia matangazo yake kwenye simu wakiuliza kama kweli unatibu kila kitu. Nawajibu vibaya. Tumeona mengi ya kutia moyo ndani ya chupa, ila chupa si mtu, na sisi bado tuko njiani. Zamani tulikuwa na mboga nyingi na ahadi chache, na nadhani mizani hiyo ilitufaa.

Krismasi iliyopita nilimtembelea Mama Mkubwa. Macho yake yamefifia, anaona vivuli. Nilipokuwa nikimmegea ugali aliniuliza, "Wewe uliyesoma, niambie. Ni mboga hii iliyonifikisha umri huu?" "Ndiyo" moja ingemtosha mpaka kaburini, nami nampenda kuliko ninavyoweza kuandika. Nilimwambia sijui. Huenda imesaidia, huenda ni vilima na jembe, na hakuna anayejua bado. Nilihisi nimemnyang'anya kitu. Kisha akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu.

"Basi nilikulea vizuri," alisema.