Machozi ya Mstari wa Mbele

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kuigiza, wanangoja nitaje jukwaa fulani. Nilijifunza uwanjani, juani, nimevaa kitenge chenye sura ya Rais kifuani.

Kuimba nilifundishwa na bibi yangu wa kijijini Mumosho, mama yake baba. Tukipalilia maharagwe, yeye anaanzisha, mimi naitikia, na nikikosea ananirushia bonge la udongo. "Mutoto, usiimbe kama mutu anakimbia mvua!" Agizo alinipa moja tu: siku atakayokufa, nimwimbie kaburini wimbo wetu wa palizi. Nyimbo za kilio hakuzitaka. Nilimwahidi huku nacheka, maana mtu mkali vile nilidhani hafi.

Nilipokuwa sekondari, tukikaa mjini, mtaa wa Muhumba, nikatiwa kwenye animasyo, kikundi cha kuimba na kucheza sifa za Rais. Enzi zile za Zaïre hakuna aliyeomba kuingia. Watu wa serikali walikuja shuleni, wakasikiliza sauti, wakanyoosha kidole. Kila mkubwa akifika mjini, sisi tunaimba na kukata kiuno kumsifu Kiongozi. Usipotokea, baba yako anaitwa kujieleza, na baba yangu alikuwa karani wa serikali.

Habari ya kifo cha bibi ilitufikia asubuhi ileile tuliyokuwa tukimngojea mgeni kutoka Kinshasa. Mazishi yalikuwa mchana. Nikaenda na baba kwa shefu wa kikundi.

"Papa, koko yangu amekufa. Wananingojea Mumosho," nikamwambia shefu.

"Pole, maman. Lakini watu wanakufaka kila siku, mugeni anakuya leo. Koko atakusamehe. Mimi, nani atanisamehe?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Baba, yeye aliyefiwa na mama mzazi, hakuthubutu hata kukohoa. Akaenda kumzika bila mimi.

Niliwekwa mstari wa mbele. Mchana, nilipokadiria kwamba sasa wanashusha jeneza, machozi yalinimwagika katikati ya wimbo wa sifa. Nilijaribu kutabasamu, ikawa vibaya zaidi. Nikajua nimekwisha, na baba nimemponza.

Mgeni akasimama, akapiga makofi. Akawaambia waliomzunguka kwamba msichana huyu anampenda Kiongozi mpaka analia, na kwamba sauti kama hiyo isiachwe kuozea shuleni.

Basi nikapelekwa kikundi cha mkoa. Zikafuata safari, redio, michezo ya kuigiza. Watu waliniita mwenye bahati, na mimi sikuwa na wa kumwambia. Kila tulipojipanga, shefu yuleyule, aliyehamia huko pamoja nami, aliniinamia sikioni: "Maman, leo tena. Lia kama ile siku."

Ningemkataliaje? Mdomoni niliimba sifa, moyoni nikaanzisha ule wimbo wa palizi, ambao kaburi la bibi halijausikia mpaka leo. Machozi yalikuja yenyewe. Na kila mara watu walipiga makofi.