Mfuko wa Kulia

Nina wivu, nianze na hilo, maana nikianza kwingine nitazunguka mpaka jua lizame. Namwonea wivu mzee mwenzangu. Tulikua wote Mwandoya, tukachunga wote na kulima pamba, na sasa wote tumehamia hapa Bariadi kwa watoto wetu. Na wivu wenyewe ni wa shati.

Kuna kikundi cha vijana wanaocheza ngoma ya majembe. Mwaka huu waliitwa kwenye mashindano, wakaambiwa waje na mavazi ya zamani. Ya chini waliyajua: kaniki nyeusi, unaizungusha kiunoni inafika magotini. Juu ndipo walipokwama. Wavae shati gani? La kola? Au fulana? Kiongozi wao, binti aliyesoma, akatoka kwenda kuuliza wazee. Alipita mbele ya mlango wangu, mimi nimekaa nachambua kunde.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, ng'wanawane."

Nikasogeza kigoda akae. Akapita, akaenda kwa mwenzangu. Siku ile kunde nilizitupa, nikabaki na maganda.

Alimfuata yeye kwa sababu ana picha. Yumo mwenzangu akiwa kijana, kaniki kiunoni, na juu shati la kitambaa cha marekani, halina kola, mikono mirefu, mfuko mmoja kifuani upande wa kulia. Binti akaipiga picha kwa simu, akampelekea fundi cherehani, wakashonewa mashati kumi na mawili. Yote mfuko kulia.

Sasa, shati lile ni langu.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Mkono huu ndio ulionitoa shule. Darasa la pili mwalimu aliuchapa mpaka ukavimba, nikarudi kwa ng'ombe, ambao hawajali umeshika fimbo kwa mkono gani. Tulikuwa na dume mmoja pembe yake ilipinda ikawa inamwingia jichoni, baba akaikata kwa msumeno, lakini hayo tuyaache. Msimu mmoja pamba ilikubali. Nikanunua kitambaa cha marekani, nikampelekea fundi wa barazani pale Mwandoya, nikamwambia mfuko auweke kulia ili nifikie kichupa changu cha ugoro.

"Kijana, utachekwa," akasema.

"Wacha nichekwe."

Basi mpiga picha alipopita kijijini, mwenzangu akaliazima. Alitaka kupeleka picha kwa wakwe. Na kuna jambo jingine, hili sijamwambia binti mpaka leo: ngoma tulicheza kifua wazi. Shati lilikuwa la kuvaa mnadani na ukweni. Lakini ningesema hivyo, shati langu lingekufa kabisa. Mimi nilitaka liishi, ila lijulikane ni la nani.

Siku ya mazoezi nikaenda. Mwenzangu nimemkuta kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi. Kijana mmoja akamwuliza, "Babu, mbona mfuko uko kulia?"

Akakohoa. "Hapo ndipo mcheza ngoma aliweka dawa yake. Kulia ni upande wa mwanamume."

Vijana wakaguna kwa heshima. Binti akaandika kwenye daftari! Nikasimama.

"Mwongo mkubwa wewe! Hilo shati ni langu!"

Wakacheka. "Babu, umechelewa, hata soda zimeisha."

"Mwulizeni lilikuwa la nani."

Mwenzangu akaangalia chupa yake. "Lilikuwa la kikundi."

Nikamvua kijana mmoja shati, nikampa mwenzangu pamoja na kichupa cha ugoro. "Vaa. Tia ugoro mfukoni, halafu utoe upesi, kama mtu anayecheza." Akavaa. Mkono wake wa kulia ukajikunja kama bawa la kuku, akahangaika, kichupa kikaanguka. Nikalivaa mimi. Mkono wa kushoto ukaingia, ukatoka, pua ikapata haki yake, wala sikutazama chini.

Sasa hakucheka mtu.

"Ni lake," mwenzangu akasema polepole. "Niliona aibu. Mke nimemwoa kwa shati la kuazima."

Binti akakata mstari kwenye daftari, akanigeukia. "Pole, babu. Basi tuhamishie mifuko kushoto? Hawa wote wanatumia mkono wa kulia."

Hapo nilifikiri sana. Ukihamishwa kushoto, shati lile ni la duka lolote, halinihusu. Ukibaki, vijana kumi na wawili watatapatapa kwa ajili ya mkono wangu.

"Uacheni hapo hapo," nikasema.

Wakauacha. Mashindano nimeyaona, wamependeza, na mmoja alishindwa kutoa leso yake, nikafurahi peke yangu. Lakini mbele ya uwanja walibandika ile picha, imekuzwa ikawa kama mlango, na watu wakapanga foleni kujipiga picha nayo, huku mwenzangu amesimama pembeni ananyoosha kola ambayo hakuwa nayo.

Na mimi nilipigwa picha, siku ile mpiga picha alipopita Mwandoya. Ninayo sandukuni, sijamwonyesha mtu. Nina kaniki kiunoni, kifua wazi, maana shati alikuwa bado amelivaa yeye.