Nyamusi na Lango la Nyumba ya Utulivu

Nyamusi hakujaliwa kicheko cha chini. Alicheka kwa mwili mzima, mabega yakipanda na kushuka, na sisi majirani zake katika laini za nyumba za wafanyakazi tulijua alipo kwa kutega sikio tu. Pasta wetu alimwambia mara moja kwamba kanisani watu huabudu kwa utulivu. Nyamusi akaitikia vizuri, kisha akacheka tena kabla sadaka haijazunguka.

Alikuja upande huu wa Kericho akiwa msichana kutoka milima ya Kisii, akimfuata dada yake aliyechuma chai. Akachuma naye. Akaolewa hapa hapa, akamzaa binti yake Gesare, akamzika mumewe, akafunga kikapu mgongoni akaendelea kuchuma. Mashine za kuchuma zilipoletwa, wengi walirudi kwao. Yeye alihamishiwa kwenye kitalu cha miche, kwa sababu huko bado mikono ya watu ilihitajika. Alikipenda kile kitalu kuliko nyumba yake. Alizungumza na miche kwa Kikisii na kwa Kipsigis, akisema hajui mche upi ni wa kabila gani na hataki kumkosea mtu adabu.

Halafu akaja Mlinzi.

Mlinzi ilikuwa bangili nyeusi, nyepesi, ya kuvaa mkononi mchana na usiku. Meneja wa shamba la chai alitukusanya uwanjani akatuambia kwamba kila atakayeivaa atatibiwa bure, yeye na jamii yake, maadamu anaishi shambani. Bangili ingesikiliza moyo, ingepima presha na sukari, na ingemwita daktari yenyewe. Hakuna aliyekataa. Ungekataaje? Karibu kila mlango pale laini ulikuwa umezika mtu aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa.

Na tusiseme uongo, Mlinzi alisaidia. Mzee Aron, dereva wa trekta, alianguka katikati ya chai mahali ambapo hata mbwa hapiti. Bangili ikaita gari la wagonjwa, na alipookotwa bado alikuwa anapumua. Tangu siku hiyo Mlinzi hakusemwa vibaya na mtu yeyote.

Lakini kilichoanza kwa ushauri kiligeuka amri, polepole hata hatukuona. Mwanzo bangili ilikuambia unywe maji. Baadaye, taa yake ikitoka kijani kuwa manjano, duka la shamba lilikataa kukuuzia sukari na chumvi. Kisha waimbaji wa kwaya ambao bangili zao zilimulika waliamriwa kukaa chini, tukabaki na wimbo usio na sauti ya kwanza. Na ikiwa rangi ni nyekundu, gari lilikuja kukuchukua kukupeleka Nyumba ya Utulivu.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Ilijengwa juu ya kilima, na zamani mameneja waliishi humo. Ilikuwa na maua, vitanda laini, na dirisha la kutazama chai mpaka macho yachoke. Ulikaa humo hadi bangili yako irudi kijani. Lango lilijifungua lenyewe kwa mtu wa kijani peke yake. Hapakuwa na wa kumwomba ruhusa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyetoa ruhusa.

Mlinzi wa Nyamusi aligeuka mwekundu asubuhi moja akiwa kitaluni. Gesare, aliyeolewa Sotik, alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba siku zake za kujifungua zimekaribia. Hiyo ingekuwa mimba yake ya kwanza kufika mwisho. Nyamusi aliposikia alianza kukimbia kati ya miche akicheka na kulia kwa pamoja, akiwaita wenzake waje wasikie. Gari likafika kabla hajamaliza kuwasimulia.

"Ingia tu, mama," dereva alimwambia. "Ni kwa faida yako."

Mimi nilikuwa nimetangulia kule kilimani kwa sababu ya kifua, kwa hiyo nilimwona akishushwa. Alipokelewa na Maxine, nesi kijana mwenye sauti ya upole, aliyetuhudumia sote.

"Sista," Nyamusi alisema, "mtoto wangu anataka kuzaa. Nitakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka presha ishuke, mama."

"Na presha imepanda kwa nini?"

Maxine akatazama kioo cha tableti yake. "Inasema una mshtuko."

"Sina mshtuko, niko na furaha. Sasa mkinifungia ndio nitapata mshtuko."

Maxine akamwonyesha kitanda.

Ikawa kama alivyosema. Kadiri alivyofikiri juu ya Gesare, ndivyo presha ilivyopanda. Na kadiri ilivyopanda, ndivyo lango lilivyozidi kuwa mbali. Alitembea kando ya ua akienda na kurudi. Hakula. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilikaa nyumba moja na Nyamusi bila kujua yuko chumba gani.

Aliyemfufua ni Mzee Aron. Naye alikuwa ameletwa pale baada ya kugombana na shemeji yake juu ya dume la ng'ombe, na hakuwa na haraka ya kutoka kwa sababu shemeji alikuwa bado anamngoja. Alimfuata Nyamusi uani akiwa na sahani mkononi.

"Mama Gesare," alisema, "onja hii kitu halafu uniambie kama ni ugali."

Nyamusi akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Nani amepika hii?"

"Mashine."

"Inaonekana. Mtu mwenye mama hawezi kupika hivi."

Na kicheko kikamtoka. Siku hiyo hiyo aliingia jikoni, akamwomba Maxine azime ile mashine, akasonga ugali wa wimbi kwa mikono yake. Nikamenya viazi mimi. Aron akatumwa kuchuma mboga za managu zilizojiotea nyuma ya nyumba. Tulikula tukiwa kimya kwa heshima, kisha tukaanza kupiga hadithi. Aron alituigizia namna shemeji yake anavyotembea anapodai haki. Mama mmoja aliyekuwa hajatamka neno tangu aletwe alicheka mpaka akashika ukuta.

Bangili zikaanza kurudi kijani, ya huyu leo, ya yule kesho. Yule mama wa kimya aliondoka. Yangu pia ikageuka, lakini nikakaa, maana nilitaka kuona mambo ya Nyamusi yataishaje. Kwa yeye peke yake, bangili ilibaki nyekundu kama pilipili. Alikuwa akipika, anaimba, anacheka, na Mlinzi hakujua kutenganisha mtu anayechangamka na mtu anayekufa.

Ndipo simu ikaja. Gesare amejifungua mtoto wa kike, salama. Mama mkwe wake alikuwa mgonjwa, na hakukuwa na mtu mzima wa kumwogesha mtoto wala wa kumkanda mzazi.

"Mama, utakuja?" tulimsikia Gesare akiuliza.

"Nakuja," Nyamusi alijibu.

Akaweka simu kwenye mfuko wa aproni, akakoroga sufuria iliyokuwa jikoni mpaka chakula kikaiva, akatupakulia. Baadaye akaenda kwa Maxine. Aron alimwambia kuna njia rahisi: bangili ikifungwa kwenye mguu wa ng'ombe aliyelala, itakuwa kijani kabla ya chai ya saa nne. Nyamusi alikataa.

"Mimi si mwizi wa kuku," alisema. "Nitatoka nikionekana."

Alimkuta Maxine akikunja mashuka.

"Sista, uko na ile mashine ya zamani ya kupima presha? Ile ya kufinya na mkono?"

"Iko kabatini. Kwa nini?"

"Nipime wewe mwenyewe. Halafu uniambie ukweli, usisome hapo kwenye kioo."

Maxine aliitoa, akaifuta vumbi, akamfunga mkono. Alisikiliza kwa makini, akarudia tena. Tuliokuwa mlangoni tuliona uso wake ukiwa mzito.

"Iko juu, mama. Si ya kukuangusha leo, lakini iko juu kweli. Si furaha tu."

Nadhani Nyamusi alikuwa ametumaini kuambiwa kwamba Mlinzi ni mwongo.

"Sawa," alisema hatimaye. "Dawa iko?"

"Iko."

"Nikiimeza nikiwa Sotik itafanya kazi, ama inafanya tu nikiwa hapa?"

Maxine akatabasamu bila kutaka. "Itafanya popote. Lakini ni ya kumeza kila siku, hata ukijisikia mzima. Chumvi upunguze. Na upimwe kila mwezi, dispensari yoyote."

"Haya. Sasa nikatie hii kitu."

"Mama, ukiikata matibabu ya bure yanaisha. Na nyumba ya laini utanyang'anywa. Unajua?"

"Najua. Nataka kutibiwa, mwanangu. Sitaki kuwekwa ndani."

Maxine alibaki ameshika mkasi wa bandeji. Alituambia baadaye kwamba tangu aanze kazi pale hakuna mgonjwa aliyekuwa amemuuliza lolote kabla ya kuamua, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiamua. Mwishowe alimkabidhi Nyamusi mkasi.

"Kata wewe. Mkono ni wako."

Bangili ilikatika kirahisi, kama kamba ya mkoba. Nyamusi akaiweka mezani taratibu, akaomba dawa zake, akajifunga leso kichwani, akateremka kuelekea langoni. Sisi sote nyuma yake.

Kiplimo, askari wa lango, alisimama akakuna kidevu. Kazi yake ilikuwa kukaa pale. Kufungua haikuwa kazi yake.

"Mama, hili lango halikuoni," alisema. "Bila bangili ni kama hakuna mtu hapa."

"Wewe unaniona?"

"Nakuona."

"Basi fungua wewe."

Kiplimo alitazama kamera iliyo juu ya mlingoti, akatutazama sisi, akamtazama tena mama huyo aliyekuwa rika moja na mama yake mzazi. Akainama kutafuta komeo la zamani lililokuwa chini, ambalo halikuwa limeguswa tangu lango lianze kujifungua lenyewe. Lilikuwa limeshikwa na kutu. Alivuta, likagoma. Aron akakimbia jikoni, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia, tukalimiminia. Tukavuta wote, na Maxine akiwa na sare yake safi akashika mbele kabisa. Likatoka kwa ghafla, tukaanguka chini mmoja juu ya mwingine kama magunia ya majani, na Nyamusi akacheka mpaka ikabidi tumngoje amalize ndipo aondoke.

Aliteremka barabara ya kati ya chai saa sita mchana, bila kujificha. Waliokuwa wakifanya kazi waliacha mashine wakampungia. Jioni ile, mjukuu wake aliogeshwa na nyanya yake.

Nyumba ya laini alinyang'anywa kweli, na kitalu pia. Hilo la kitalu linamuuma mpaka leo. Maxine aliitwa ofisini, akaonywa, akaacha kazi mwenyewe baadaye akaajiriwa katika dispensari ndogo karibu na Sotik. Kiplimo aliulizwa kwa nini alifungua. Alijibu kwamba aliona mtu langoni.

Baada ya hapo watu walianza kukata. Hakukuwa na fujo wala mkutano. Mmoja alikata kwa sababu ya arusi, mwingine kwa sababu ya mazishi, mwingine alitaka tu kuimba. Vitanda vya Nyumba ya Utulivu vikabaki vitupu, na shamba likatangaza kwamba bangili sasa ni ya hiari, matibabu yatabaki kwa wote, na lango la kilimani litafunguliwa kwa mkono, kutoka ndani. Walisema walikuwa na mpango huo tangu mwanzo. Hatukubishana nao.

Aron hakukata. "Hii ilinipata wakati hakuna mtu alikuwa ananitafuta," husema, akiipapasa. Hakuna anayemcheka kwa hilo, hata Nyamusi.

Yeye Nyamusi amefungua hoteli ndogo ya chai na chakula Sotik, upande wa barabara ya Kisii, ambapo hupata wateja, Wakisii kwa Wakipsigis. Anameza dawa kila asubuhi mbele ya Gesare, kwa sababu Gesare hamwamini. Jumamosi Maxine huja na mashine ya kufinya, anakaa kwenye meza ya pembeni, na anayetaka kupimwa anapimwa. Wiki iliyopita nilimsikia Maxine akimwambia mkulima mmoja apunguze sukari. Yule bwana akamtazama Nyamusi, akitumaini kutetewa.

"Usiniangalie mimi," Nyamusi alimwambia. "Amekuambia ukweli. Sasa sukari nikuwekee ama nisikuwekee?"

Mkulima alifikiri sana. "Weka kijiko kimoja," alisema.

Jumanne hii Nyamusi na Aron wanakwenda soko la Siongiroi kuangalia mtamba wa maziwa. Gesare anaona mama yake amezeeka kwa kazi ya ng'ombe. Maxine naye amesema kukamua ni mazoezi mazuri, mradi asibebe ndoo iliyojaa. Bado wanabishana, na boma la ng'ombe limeshajengwa.