Matonge Matano ya Mollo

Nilipohamia Sumbawanga kununua ulezi, mtu wa kwanza kunitukana alikuwa mama mmoja muuzaji, kule kijijini Mollo. Nilimwambia debe lake halijajaa. Akanitazama kuanzia viatu.

"Kabila gani wewe?"

Nikamtajia. Akapiga makofi kwa furaha. "Nilijua! Wezi wa kuku! Kwenu debe mmeliona lini?"

Niliondoka nimevimba. Jirani yangu wa mtaani kwetu Mazwi alinicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe kabila letu na Wafipa ni watani, na kosa lilikuwa langu kwa kutomrudishia. Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Mollo, nikamrudishia yote na nyongeza. Tangu hapo tukawa tunaanza na matusi, bei baadaye.

Miezi michache mbele mama mzazi wa yule muuzaji akafariki. Nilikwenda msibani kama mteja mwenye adabu: nimekaa nyuma kabisa, nimepanga kuondoka mapema. Kaka yake akanifuata.

"Mtani, mbona umejificha? Dada hajala tangu juzi. Sisi tumeshindwa. Kumtania mfiwa mpaka ale ni kazi yako."

Sikuwahi kuifanya. Nyumbani kulikuwa na wanaoijua. Nikikosea hapa, nitakuwa mtu aliyetoka mbali kuja kutukana wafiwa. Lakini sahani ya ugali wa ulezi na maharage ilishawekwa mkononi mwangu, nikaketi kwenye mkeka mbele ya dada yake.

"Marehemu kaondoka kwa kuchoka kukulisha," nikasema.

Mama mmoja akakohoa. Nikaona nimeharibu, nikakimbilia kitu pekee ninachokijua.

"Basi tufanye biashara. Matonge kumi."

Hakuinua kichwa. "Mawili," akasema.

"Mawili anakula kuku. Manane."

"Kuku unawajua wewe, unawaiba. Matatu, uondoke na harufu yako."

Akinamama wakaguna kwa kicheko. Tukapatana kwenye matano. Akanawa, akaanza, nami nikahesabu kwa sauti.

"La kwanza. La pili. La tatu." Akameza, akakata jingine. "La tatu."

"La nne hilo, mwizi wewe!" akasema mdomo umejaa, akacheka, kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kaka yake akanipa ishara nisiondoke. Alipotulia alikula la tano, kisha akaivuta sahani yote upande wake.

Mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi. Hakuna aliyeuliza.