Chicha ya Hadithini

Juzi mjukuu wangu kanijia kavimba uso kwa hasira. Kasikia kwa wenzake hadithi ya mama wa kambo aliyemtesa mtoto, anataka nimwambie kama mama wa kambo wote ndivyo walivyo. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Swali hilo mimi nililijibu nikiwa na umri kama wake, hapa hapa Bagamoyo, nikalijibu vibaya, na jibu langu nusura limfukuze mtu nyumbani kwake. Kaa nikuhadithie, mwenzangu, una haraka ya nini?

Enzi hizo bendera iliyopepea mjini ni ya Sultani wa Unguja, Wadachi, hao Wajerumani, tukiwasikia kwa mbali tu. Msafara wa bara ukiingia mji mzima ulijua: baruti, ngoma, na wapagazi wanaimba kwa furaha ya kutua mizigo. Baba alikuwa fundi wa milango, na nyumba yetu siku zote ilinukia vumbi la mbao. Mama alifariki ningali mchanga, hata sura yake siikumbuki. Nililelewa na bibi, mamake mama, aliyekaa nyumba ya pili, ua kwa ua.

Bibi alikuwa bingwa wa hadithi. Baada ya magharibi wanawake wa mtaa walikuja na watoto wao, mkeka ukatandikwa, naye akasuka ukili wa mikeka huku anahadithia, macho hayaangalii wala vidole havikosei. Mchana hahadithii ng'o. Hadithi ya mchana, alisema, humwotesha mtu mkia, nami kwa kuwa nilikuwa nikijisimulia peke yangu vichochoroni, kila asubuhi nilijipapasa nyuma kwa hofu.

Hadithi tuliyoipenda kuliko zote ni ya mtoto aliyelishwa chicha. Mama wa kambo alikuna nazi, tui akanywa yeye na wanawe, zile chicha kavu akampa yatima, hata yatima akakonda akawa anapita chini ya mlango. Bibi alimwigiza yule mwanamke kwa kupinda mdomo na kuvuta sauti puani, nasi tukamzomea mpaka sauti zikatukauka. Mfalme katika hadithi ile alikuwa na jina, jogoo alikuwa na jina. Mama wa kambo peke yake hakuwa nalo. Siku hizi najua kwamba bibi alianza kuihadithia mwaka ule ule aliomzika bintiye.

Basi baba akaoa. Akaoa kutoka Miono, mwanamke wa Kikwere, mrefu, mpole, hodari wa jembe, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya mashambani iliyowafanya wanawake wa mtaani wafiche midomo kwa kanga wacheke. Nami wakati huo kichwa changu kilikuwa kimejaa mapunye. Nywele zimekatika mabaka mabaka, msusi hataki kunigusa, na chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, wenzangu walisogea nikae peke yangu na juzuu yangu. Yule mama hakusogea. Aliniita, akanitazama kichwa kimya kimya, akaniachia. Nilimwogopa kweli kweli.

Siku moja nikawahi kutoka chuoni. Nikamkuta uani anakamua nazi kwa kifumbu. Lile tui la kwanza, zito, akalitia kwenye bakuli, akalifunika kwa kawa, akaliingiza ndani na kulisukuma uvunguni mwa kitanda. Samaki akampika kwa tui jepesi. Wewe unajua mapishi ya kwetu: tui zito hutiwa mwisho. Nikakaa nikingoja lirudi chunguni. Halikurudi. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Mchuzi ulikuwa mwepesi, baba akala akamaliza.

Mdomo huponza kichwa, nami nilikuwa na mdomo. Nikakimbilia kwa bibi nikamwambia tui linafichwa. Nikaona macho yake yamewaka, nikapenda kuona yakiwaka zaidi, nikaongeza kwamba mimi napewa chicha.

Kufika alasiri mtaa mzima unajua. Bibi alimwendea baba akamwambia damu ya binti yake hailishwi chakula cha kuku. Yule mama alipoulizwa alisema hajanipa chicha hata siku moja. Alipoulizwa habari ya tui, akainama, asijibu. Kwa watu kunyamaza kwake kukawa ndiyo ushahidi. Baba alikuwa akimstahi mkwewe kupita kiasi, akapeleka salamu Miono kwamba kaka mtu aje amchukue dada yake. Zikapita siku kumi. Mama yule aliendelea kufagia ua, kuteka maji na kunifulia nguo, na usiku nilimsikia akifunga vitu vyake.

Kaka yake akafika Ijumaa, baada ya swala, miguu imejaa vumbi. Wakakaa barazani: baba, bibi, yeye na dada yake, nami nimejibanza mlangoni. Baba akayazungusha maneno kwa adabu mpaka yakafika. Yule mgeni akasikiliza yote, kisha akafungua kitambaa, ndani mna magome na majani makavu.

"Shemeji, dada yangu nitamchukua," akasema. "Lakini hii ni dawa ya kichwa cha mtoto. Alinituma niitafute, nimehangaika nayo msituni mwezi mzima. Nimwachie nani?"

Yule mama akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akakiweka mbele ya bibi. Bibi akazibua, akanusa. Mafuta ya nazi ya kuchanganyia dawa ile, safi, yaliyopikwa kwa tui zito siku baada ya siku nikiwa chuoni. Bibi akamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba kwao dawa haitajwi kwa watu wa mgonjwa kabla haijapatikana, ikitajwa haiponyi, naye aliona bora aachwe kuliko mtoto asipone.

Bibi akanigeukia. "Na chicha?"

Wallahi, nilitamani kupita chini ya mlango. Nikasema, "Chicha ni ya hadithini, bibi."

Bibi akafunika uso kwa upande wa kanga. Alipoufunua machozi yalikuwa yanamtiririka, na mbele ya mgeni, mbele ya mkwewe, akamshika yule mwanamke mikono. "Mwanangu, nisamehe," akamwambia. "Aliyemlisha mtoto huyu chicha ni mimi."

Yule mama hakuondoka. Jioni ile ile alininyoa, akanipaka dawa, na magoti yake yalikuwa ya moto na laini, nikalala hapo hapo. Kufika Ramadhani nilikuwa na nywele za kusukwa. Bibi naye, mkaidi kama nini, hakuiacha hadithi yake. Alisema hadithi haina ladha bila mtu mbaya. Ila kila alipofika kwa yule mwanamke wa hadithini alisimamisha ukili na kutuambia, "Huyu ni huyu mmoja, jamani, msinichukulie wengine." Nashukuru hata leo kwa maneno hayo, maana nimekutana na watu wengi ambao ningewahukumu kwa hadithi nilizosikia juu yao.

Ua ule sasa umejengwa nyumba ya mtu mwingine. Ukili wa bibi, randa ya baba, wale wanawake wa mkekani, vyote vimekwenda na wenyewe, na watoto wa leo wanahadithiana mchana kweupe wala hawaogopi mkia. Yule mama aliishi sana, Mungu hakumjalia mtoto wa tumbo lake. Siku aliyofariki mwoshaji alitoka mlangoni akauliza kama marehemu ana binti wa kusaidia kumwosha. Wanawake wakatazamana, mmoja akaanza kueleza kwamba yupo mmoja, lakini huyo ni wa kambo.

Sikumngoja amalize. Nikakunja mikono ya nguo, nikasema, "Binti yake ni mimi," nikaingia.