Kushoto kwa Nyumba Gani

Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi katika kisa hiki. Ningekuwa mtu aliyekuwa akipita tu njiani akaona jambo la ajabu. Lakini mimi sikuwa napita. Haya yalinitokea mchana, pale Nyanchwa, mtaa mmoja wa Kisii, mvua ikinyesha, nikiwa na akili timamu kama wewe unayenisoma.

Mimi ni fundi wa ujenzi. Nakaa Nyakoe, lakini kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa Kisii mjini na kwenye vilima vinavyouzunguka, ambako siku hizi migomba inang'olewa na gorofa zinaota. Wacha nikueleze kwanza jinsi nyumba inavyoanza, maana bila hilo hutaliona kosa langu. Si jambo gumu. Kabla msingi haujachimbwa, fundi hupigilia vigingi kwenye pembe, kisha hufunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Kamba ikipita hapa, ukuta utapita hapa. Ukisogeza kigingi hatua mbili, umesogeza gorofa zote tano zitakazokuja juu yake. Unaona? Kazi yote ya miaka miwili inaamuliwa asubuhi moja, na mtu mmoja aliyechutama na nyundo.

Jambo la pili ni kwa wewe usiyetoka kwetu. Sisi Abagusii tunazika nyumbani. Mwanamume hulazwa upande wa kulia wa nyumba yake, mwanamke upande wa kushoto. Kwa hiyo mtu hata akifa bado ana nyumba yake, na anajua yuko upande gani wa hiyo nyumba.

Sasa tuje kwa Mama Osoro. Nilipokuwa najifunza kazi, nilipanga kwake chumba cha udongo. Alikuwa akichuma majani chai ya watu, na vidole vilikuwa vimempasuka hata hagusi kitu kwavyo. Alisukuma mlango kwa mgongo wa mkono. Akitembea gizani alipapasa ukuta kwa mgongo wa mkono. Jioni nyingi alinipa ugali na chinsaga, mboga yetu ile chungu, bila kuniuliza kama nimelipa chumba. "Kula, baba," alikuwa akiniambia, maana mama wa kwetu humwita kijana baba. "Kula, usije ukajenga nyumba za watu zikapinda."

Alipokufa tulimzika kushoto kwa nyumba yake, na juu yake tukaweka bamba la jiwe la sabuni, lile laini linalochimbwa Tabaka, lililochongwa jina lake. Mwanawe wa pekee, Osoro, ni mwalimu na anaishi Nakuru. Baada ya muda aliuza ile ploti. Alitoa sharti moja tu, mbele ya mnunuzi na mbele yangu: kaburi libaki nje ya ukuta, upande wa kushoto, na nafasi ya kupanda maua. Mnunuzi alikubali. Osoro alinishika bega akasema, "Nakuachia wewe. Wewe alikulea."

Siku ya kupiga kamba, kila kitu kilikuwa sawa hadi mwenye ploti alipokuja. Alisimama, akatazama, akasema, "Fundi, hiyo kamba ilete huku hatua mbili. Ngazi zangu zimebanwa."

"Bosi, hapo kuna kaburi."

"Kaburi liko wapi? Mimi naona majani ya migomba."

"Tulikubaliana na Osoro."

"Wewe ni fundi ama ni pasta?"

Vibarua walicheka. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi. Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Watu kumi na wawili walicheka, na mimi sikutaka kuchekwa. Nilichutama nikang'oa kigingi, nikakipigilia mbele hatua mbili. Lile bamba nililifunga kwa mfuko wa simiti nikaliweka stoo. Wiki iliyofuata tulimwaga zege, na ngazi zikaanzia pale.

Gorofa zilikuwa zimefika tano, mafundi wa rangi wako kazini, Osoro aliponipigia simu. Anakuja Jumapili na mkewe na binti yao, wamwone mama. Ningeweza kumwambia siku hiyo. Simu ilikuwa sikioni. Badala yake nilikwenda Jumamosi, watu wakiwa kanisani, maana kwetu Wasabato ni wengi, nikachimba kitalu kidogo kando ya ukuta upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu yeyote, nikasimamisha bamba, nikapanda maua. Nilikipima hata kwa pima maji, kikalala sawasawa.

Walikuja saa nane mchana. Binti, Kerubo, amepewa jina la bibi yake, naye ana kama miaka saba. Aliweka maua mengine juu ya yale yangu. Wakaimba wimbo wa kanisani, beti zote, mama yake akishika sauti ya chini. Osoro alilia. Kisha akanipa mkono. "Ndugu yangu, umenitunzia mama. Leo nitalala." Mawingu yalikuwa yameshuka, wakavuka barabara kwenda kunywa chai katika hoteli ya ng'ambo. Mimi nilisema nafunga milango, nawafuata.

Mvua ya kwetu unaijua. Inakuja na mawe, na mchana unakuwa kama jioni. Nilipanda ngazi hadi orofa ya kwanza kufunga dirisha. Nikasikia mtu anashuka kutoka juu, polepole. Alikuwa bikizee, amejifunga leso kichwani, sweta ya kijani, uso sikuuona vizuri kwa giza la mvua. Nilidhani ni mama wa mpangaji amekuja kuangalia vyumba.

"Bwairire, baba," alinisalimu. Tuliongea lugha yetu, mimi nakuandikia kwa Kiswahili. "Nionyeshe mlango. Nimesikia watu wangu wakiimba huko nje."

Nilimweleza vizuri. Mimi hupenda kueleza. "Shuka ngazi hizi kumi na sita, mama. Ukifika chini utakuta ujia. Pinda kushoto, mlango wa chuma uko wazi."

Akashukuru, akashuka. Nilimsikiliza hadi hatua ya mwisho. Nikafunga dirisha, nikageuka, na hatua zikaanza tena, juu yangu. Nyumba ile ina ngazi moja tu. Niamini, mimi ndiye niliyeijenga. Na yule yule bikizee akashuka kutoka juu, leso ile ile, na upindo wa gauni una udongo mwekundu mkavu.

"Baba, nionyeshe mlango. Wameacha kuimba, nahofia wataondoka."

Unaweza kuuliza kwa nini sikukimbia. Nadhani ulimi wangu ulishazoea kazi yake. Nikamweleza upya, polepole zaidi, nikimwonyesha kwa mkono. Akaitikia kila neno kama mwanafunzi mzuri. Akashuka. Nikahesabu hatua kumi na sita. Kimya. Kisha zikasikika juu.

Mara ya tatu alikuwa akipapasa ukuta, na alikuwa akiupapasa kwa mgongo wa mkono. Hapo nikamjua Mama Osoro. Alisimama ngazi moja juu yangu, akanitazama bila hasira yoyote. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

"Baba," alisema, "mbona unanielekeza vizuri na sifiki?" Halafu akaangalia kuta, akaangalia dari, akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi sasa niko kushoto kwa nyumba gani?"

Nilitoka mbio kwenye ile mvua ya mawe hadi hotelini, na pale mlangoni, maji yakinitiririka, mbele ya Osoro na mkewe na mtoto na watu waliokuwa wakinywa chai yao, nilisema yote. Kigingi, zege, kitalu cha uongo. Nilisema na habari ya ngazini.

Osoro hakupaza sauti. Aliuliza, "Kichwa chake kiko wapi?"

Na mimi, niliyepima kila kitu, nilijua. "Chini ya ngazi ya tatu."

Alivuka barabara, sisi sote nyuma yake, akaingia, akakaa kwenye ngazi ya tatu. Akaweka kiganja juu ya saruji. "Mama, tuko hapa," alisema. "Usitafute mlango tena. Sisi tumeingia." Wakaimba upya, palepale. Hakuna hatua zilizosikika, na tangu siku hiyo sijasikia mpangaji akilalamika. Kabla hawajaanza kuimba, Kerubo alinigeukia mimi, si baba yake, akauliza, "Sasa kule nje tulikuwa tunamwimbia nani?"

Osoro alilibeba lile bamba kwenye gari, na simu zangu hazipokei. Namwelewa. Bado najenga, ila kuna kitu kimeniondoka. Mgeni akiniuliza njia mjini, siwezi tena kumweleza. Nikifungua kinywa niseme pinda kushoto, namwona yule mama ngazini. Kwa hiyo namshika mkono nampeleka mwenyewe hadi mlangoni, hata kama ni Kiogoro, nje ya mji, na sitoki hapo mpaka nimwone ameingia.

Wewe unayejenga, au unayejifunza kujenga, usiogope kuuliza ni nani aliyekuwa hapa kabla yako. Swali hilo halijawahi kumpunguzia fundi heshima. Na siku utakapoambiwa usogeze kamba hatua mbili, na watu wakacheka, waache wacheke. Kicheko kile kilikwisha kabla sijamaliza kupiga nyundo. Swali la yule mtoto nalisikia hadi leo.