Etau Zilizokula Bugali

Enzi zetu mtoto alikuwa na kazi moja ambayo sijaiona tena: kukalia ubao. Ninyi wenzangu mliozaliwa na mafundi wa mbao mnaijua. Baba alilaza ubao juu ya magogo mawili uani, akashika msumeno, kisha akageuka kutafuta uzito. Ubao mnene, alimwita kaka yangu Ucaki. Ubao mwembamba, aliniita mimi. Siku ya ubao wa kitanda cha harusi aliita nyumba nzima, na Mama akaacha sombe ya majani ya muhogo motoni akaja kukaa mwishoni, mwiko ukiwa bado mkononi.

Msumeno ukianza, mtetemo ulipanda kutoka kwenye ubao mpaka kwenye meno. Ukisema neno, sauti ilitoka imekatikakatika kama ya mbuzi, na sisi tulisema makusudi ili tucheke. Baba hakuinua hata kichwa. "Tulia, weye Ucaki! Ubao inacheza sababu ya mudomo yako." Tulikwenda shuleni na unga wa mbao kwenye nywele, mwalimu akatuita wazee, akatuuliza wajukuu wanaendeleaje. Harufu ya mbao mbichi, kali kidogo ndani ya pua, ilichanganyika na harufu ya samaki waliokaushwa kule Mahagi-Port, na upepo wa ziwa ulizileta zote mbili mpaka ndani ya shuka zetu.

Kulikuwa na sheria moja. Kazi ikiisha hukuruka tu kama kuku. Ulingoja. Baba alipuliza vumbi, akatazama mkato wake, ndipo akaweka kiganja juu ya kichwa chako na kusema, "Shuka, Mungu akubariki." Hata aliyebanwa na mkojo alingoja hilo neno. Siku hizo niliona ni kuchelewesha tu.

Jumamosi nyingine Baba alitupeleka karakana ya misheni, alikokwenda kunoa vyuma vyake. Hapo ndipo nilipoona etau kwa mara ya kwanza. Kwa msiofanya kazi hii, etau ni chuma kinachofungwa kwenye meza ya fundi, chenye midomo miwili. Ukizungusha mkono wake, midomo inakaribiana na kushika ubao. Lakini ile ya misheni haikuwa etau ya kila mahali. Ilitoka kwenye migodi ya dhahabu, ambako mafundi walichonga kwanza mfano wa mti, kisha chuma kilichoyeyushwa kikamwagwa kwa umbo la mfano ule. Mifano ile ilikuwa na nundu na mapindo, kwa hiyo etau ya kuishikia iliinama, ikalala, ikageuka upande huu na ule, na midomo yake ilicheza yenyewe mpaka ikapata namna ya kukishika kitu kilichopinda bila kukiumiza. Sisi tuliona ni mnyama. Ucaki aliilisha muwa. Alizungusha mkono, maji ya muwa yakatiririka ndani ya kopo, tukanywa, matamu yenye ladha ya chuma na mafuta ya mashine. Sijanywa tena kitu kitamu kama kile. Baba alitukuta midomo ikinata, akatukalisha ubaoni mpaka jua likashuka, na Ucaki akasema ilifaa.

Njiani kurudi nilimwambia, "Baba, na siye tununue etau."

"Ya nini? Niko na etau zangu tayari," akajibu. "Zinakula bugali, na ku siku ya Mungu zinaenda ku kanisa."

"Zinakula sana, hata," Mama aliongeza jioni alipoambiwa, na tangu siku hiyo, wakati wa chakula, aliita, "Etau, mukuye!"

Katika masomo ya dini tulifundishwa juu ya Yosefu seremala. Maandiko hayasemi ni nani aliyemshikia ubao, lakini Ucaki na mimi tulijua vizuri sana. Nilimpenda Mtoto Yesu kwanza kwa sababu hiyo, kabla sijaelewa mengine.

Nimezeeka sasa hapa Bunia, na ninamshukuru Mungu kwa kila mwaka. Kazi yangu ni kutengeneza adungu, kile kinanda cha nyuzi cha kwetu Waalur, chenye sanduku la mti na shingo iliyopinda kama mkono uliokunjwa. Shingo ndiyo kazi yenyewe. Hailali juu ya meza, na huwezi kuikalia. Maisha yangu yote ya ndoa ilishikwa na mke wangu, Mama Samweli. Alikaa chini kwenye mkeka, akaibana kwa magoti, akaimba sauti ya pili ya wimbo wowote niliopiga mluzi. Alipoona fundo ndani ya mti alisema, "Polepole, Papa Samweli. Huyu iko na kidonda hapa." Nilipomaliza nilimwambia maneno ya Baba, naye alinyoosha miguu na kulalamika kwamba baraka haziondoi ganzi.

Ucaki amelala kule Mahagi. Samweli, mwana wetu, yuko Kampala na kazi yake na watoto wake. Mama Samweli nilimzika kabla ya mvua za mwaka jana. Kanisa lilikuja lote, likaimba, likakunja viti, likaenda. Sinung'uniki. Watu wana nyumba zao.

Kisha akaja Mama Dorika, anayeongoza korali ya watu waliokimbia kutoka Djugu. "Papa, tulitoka na batoto na sufuria," akasema. "Adungu ilibakia. Tunaimba na makofi tu, kama watu ya kufukuza ndege." Nilimwahidi. Shingo ya kwanza niliishika kwa miguu, iliteleza ikapasuka. Nyingine niliifunga kwa kamba za mpira. Ikazunguka, randa ikala mahali ambapo haikupaswa kula. Ikabaki moja, ile ambayo Mama Samweli mwenyewe aliichagua sokoni na kuikausha juu ya moshi wa jiko lake. Nilijisemea: hii ikivunjika, nitamwambia Mama Dorika atafute fundi mwingine, nami nitafunga randa zangu ndani ya gunia.

Kwanza nilimwomba kijana wa jirani anisaidie. Nilimjaribu juu ya ubao wa sanduku, nikamwambia akae tu, kazi aliyoifanya kila mtoto wa kizazi chetu. Alikaa vizuri, macho kwenye simu. Simu ikalia. "Eskize, Papa, kuko apeli!" Akasimama, na ubao ukaruka ukanipiga kidevuni. Vijana wa leo wana uzito kuliko sisi, maana wanakula mkate kila asubuhi, lakini hawakai mahali uzito wao ulipo.

Nilimpigia Samweli. Alicheka kwanza, kisha akasema kwa upole, "Papa, ununue etau. Ya mupya. Nitatuma feza leo. Ukiifunga, hautakuwa tena na lazima ya mutu."

Alisema kwa upendo. Nilimshukuru, nikamwombea. Kisha nikakaa na simu mkononi mpaka mwanga wake ukazimika.

Nikaenda mtaa wa Lumumba, kwa kijana mmoja aitwaye Muhindo, ambaye wazazi wake walitoka Butembo na ambaye anauza vyuma vipya. Alinionyesha etau ya buluu inayong'aa, rangi bado inanuka. Akaipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe. "Muzee, hii inakamata kuliko bibi!" Wateja wakacheka. Nami nilicheka, kwa maana hakujua kwamba mke wangu nimemzika. Nikatoa kipande cha mti mfukoni nikakibana. Midomo iliacha alama za meno pande zote mbili. Ni etau nzuri kwa bomba na chuma. Lakini midomo iliyonyooka, juu ya shingo iliyopinda, inagusa pembe mbili tu, na pale inapogusa inauma.

"Iko nguvu sana," nikamwambia. "Mimi natafuta yenye inashika, hapana yenye inauma."

Muhindo alikuna kichwa. Alinipeleka nyuma, kwa mjomba wake, Papa Kasereka, anayekusanya vyuma vikuukuu. Vijana walikuwa wanavipakia kwenye lori la kwenda kuyeyushwa. "Kuko moja ya zamani," Muhindo akasema, "lakini iko mubovu. Midomo inacheza."

Niliposikia hivyo, niliinama kuitafuta. Ilikuwa chini ya springi za gari, nyekundu kwa kutu, na midomo yake ililegea kama ya mzee aliyesinzia. Niliisukuma kwa kidole, ikageuka upande. Haikuwa mbovu. Ilizaliwa hivyo. Ilikuwa ndugu kabisa ya yule mnyama wa misheni.

"Unataka hii ya nini, muzee?" Papa Kasereka akauliza. "Hii ilikufa."

"Ilikufa, ndiyo. Uniachie nizike."

Alicheka mpaka akakohoa, akanipatia kwa bei ya chuma tupu. "Lakini usinirudishie!" Nilipanda nayo pikipiki, mimi nyuma, dereva mbele, etau katikati yetu. Dereva aliona jinsi nilivyoikumbatia, akauliza, "Papa, na huyu wa katikati naye atalipa?"

Niliilaza ndani ya mafuta ya taa, nikaisugua, nikaishonea midomo ngozi ya kiatu kilichozeeka. Jana asubuhi, baada ya sala, niliifunga mezani na kuipa ile shingo ya mwisho. Midomo ilicheza kidogo huku na huku, ikatafuta, ikatulia juu ya pindo. Nikapitisha randa. Shingo haikusogea. Nikapitisha tena, maganda membamba yakaanguka miguuni pangu, na harufu ile ikapanda. Ilishika vizuri kuliko Ucaki, na Mungu anisamehe, vizuri kuliko Mama Samweli.

Lakini haikucheka nilipopiga mluzi. Haikuimba sauti ya pili. Nilipofika kwenye fundo haikuniambia polepole. Nilipunguza mkono mwenyewe, kwa sababu nilishazoea kuambiwa. Zamani uani kwetu hapakuwa na chombo hata kimoja cha maana, na ubao haukukosa mtu wa kuukalia. Leo nina chombo ambacho Baba alikitamani labda kila Jumamosi bila kutuambia, na ua uko kimya, mkeka umekunjwa ukutani.

Shingo ilitoka nzima. Kesho nitaifunga nyuzi, na korali ya Mama Dorika itaacha kupiga makofi. Nilipuliza vumbi, nikatazama kazi, nikazungusha mkono wa etau mpaka ikaachia. Kisha, kabla sijaiondoa shingo, niliweka kiganja juu ya chuma kile baridi.

"Shuka," nikasema, "Mungu akubariki."